Seti ya kaboni doti zinazong'aa: nimeitumia na wanafunzi hapa Mwanza, inunue kwa kufundishia, usiinunue kwa kupimia maji

Walimu wenzangu wa kemia na fizikia kanda ya ziwa, na wadau wote wa sayansi, naandika kuhusu ile seti ya kaboni doti inayozunguka sana kwenye magrupu yetu siku hizi. Niliiagiza mtandaoni, ikaja na basi kutoka Dar nikaichukua stendi ya Nyegezi, na nimeshaitumia vya kutosha na watoto wa form three na form four kiasi kwamba naweza kusema kitu cha maana. Muuzaji simtaji jina, maana seti za namna hii zinauzwa na watu wengi na karatasi ya maelekezo inafanana, inaonekana wote wanatoa sehemu moja. Nataka niseme ukweli kwa sababu kuna sifa seti inapewa ambazo sio zake, na kuna uzuri mkubwa inao ambao hakuna anayeutaja.

Ndani ya boksi unakuta chupa tatu ndogo za maji maji, moja inang'aa bluu, moja kijani, moja nyekundu. Kuna tochi ya UV, miwani ya plastiki ya njano, kichupa cha feriki kloraidi (chumvi ya chuma), vipipeti vya plastiki na karatasi ya maelekezo. Ukiziangalia chupa mchana bila tochi hutaamini kama kuna kitu, ile ya bluu ni kama chai ya rangi iliyozimuliwa sana basi. Wanafunzi wangu waliangaliana kabisa, mmoja akasema "Madam, hii si maji ya kuoshea sufuria?" Nikafunga mapazia, nikawasha tochi, darasa zima likapiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia.

Sasa kaboni doti ni nini hasa. Ni chembe za kaboni ndogo kupita kiasi, kwa kawaida chini ya nanomita 10, na nanomita moja ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Kaboni ile ile ya mkaa na masizi, ila ikifika udogo huo na uso wake ukiwa umejaa vikundi vya oksijeni na naitrojeni, ukiimulika kwa UV inameza ule mwanga usioonekana na kuutoa tena ukiwa na rangi unayoiona kwa macho. Ziligunduliwa mwaka 2004 Marekani, Chuo Kikuu cha South Carolina, na wala hakuna aliyekuwa anazitafuta: Xu na wenzake walikuwa wanasafisha mirija ya kaboni, ile wanayoita nanotyubu, wakaona kwenye uchafu waliotenganisha kuna vitu vinang'aa. Miaka miwili baadae, 2006, kundi la Ya-Ping Sun pale Chuo Kikuu cha Clemson wakazifunika uso kwa polima zikang'aa vizuri zaidi, na jina la kaboni doti likashika. Mwaka 2007 wengine wakazipata kwenye masizi ya mshumaa yaliyochemshwa na asidi ya naitriki. Masizi jamani! Mi nafundisha watoto ambao bibi zao wamesomea koroboi, hiyo habari peke yake inawafanya wakae wima.

Hapo nianze na kosa la kwanza la karatasi ya maelekezo. Imeandikwa kwamba hizi ndo chembe zilizopata Nobel ya kemia 2023. Sio kweli. Nobel ya 2023 walipewa Ekimov, Brus na Bawendi kwa kwantamu doti, na kazi yao ni ya chembe za nusu kipitishi, yaani vitu vinavyopitisha umeme nusu nusu, kwa mfano kadmiamu selenaidi, ambazo rangi yake inafuata ukubwa wa chembe kwa utaratibu unaoeleweka vizuri: ndogo bluu, kubwa nyekundu. Kaboni doti ni ukoo mwingine. Rangi yake inategemea ukubwa kidogo, inategemea sana uso wake ulivyo, na mara nyingine inatoka kwenye molekuli ndogo zinazong'aa zilizonasa juu ya chembe au zinazoelea pembeni yake, na mpaka leo wataalamu wanabishana kipi kina mchango mkubwa kwenye aina ipi. Mwalimu akisoma karatasi ile akaenda kuwaambia watoto "hii ndo ya Nobel" anawapotosha, na inauma kwa sababu hadithi ya kweli ina utamu wake mkubwa tu.

Tochi. Tochi iliyokuja nayo ni ya nanomita 395, hapo nazungumzia urefu wa wimbi la mwanga, na mwanga wake una zambarau nyingi inayoonekana, kwa hiyo ukimulika chupa ya bluu unaona zambarau na bluu zimechanganyikana na mtoto hajui kipi kimetoka kwenye tochi na kipi kimetoka kwenye chupa. Halafu wanakupa miwani ya njano, ambayo kwa usalama wa macho ni sawa na ivaeni, ila miwani ya njano inazuia bluu pia, kwa hiyo ukiivaa chupa yako bora kuliko zote inaonekana imefifia. Kwa chupa ya kijani na nyekundu miwani inasaidia sana, mng'ao unajitokeza wazi. Ushauri wangu ni kutafuta tochi ya 365 yenye kioo cheusi mbele kinachochuja ule mwanga unaoonekana, na miwani isiyo na rangi inayozuia UV. Hapa mjini tochi za kukagulia noti zinapatikana kwa wauza vifaa vya simu, ila muulize kwanza ni nanomita ngapi, nyingi ni 395 vile vile.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niandike yote haya, jaribio la chuma.

Maelekezo yanasema: chukua maji ya chupa ya bluu, dondoshea feriki kloraidi, mng'ao unazimika, kwa hiyo "umegundua chuma kwenye maji". Na kweli unazimika, ni kitu kizuri sana kukiona, tone la kwanza linashuka na pale linapopita panakuwa na utepe mweusi ndani ya bluu, utepe unajikunja, unatawanyika, ukitikisa chupa yote imefifia. Sababu ya kisayansi ipo na imeandikwa sana: ioni za "chuma tatu", yaani chuma kilichopoteza elektroni tatu (Fe3+), zinashikamana na vikundi vya oksijeni vilivyo juu ya uso wa kaboni doti, elektroni iliyopandishwa na UV badala ya kurudi chini ikitoa mwanga inahamia kwenye chuma, mwanga haupo. Hiyo ni sehemu moja. Sehemu ya pili karatasi haisemi na ndo ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kwamba feriki kloraidi yenyewe ni ya njano na inameza UV. Yaani tochi yako haifiki vizuri kwenye kaboni doti kwa sababu chuma kimekula mwanga njiani, hata kama hakijagusa chembe hata moja.

Unalithibitishaje hilo darasani bila mashine ya mamilioni? Chukua chupa mbili safi za kioo. Moja weka kaboni doti za bluu peke yake, nyingine weka maji yenye feriki kloraidi peke yake. Usizichanganye. Mulika ya kaboni doti, angalia mng'ao. Sasa chupa ya chuma iweke katikati, kati ya tochi na kaboni doti, mulika tena kupitia humo. Mng'ao unashuka! Chuma hakijaingia kwenye chupa, hakijashikamana na kitu, na bado mwanga umepungua. Halafu weka maji matupu katikati badala ya chuma, mng'ao unarudi, kwa hiyo sio kioo kilichozuia. Kuna mwanafunzi wangu mmoja mkimya wa dawati la nyuma aliangalia hilo akauliza, "Madam, kwa hiyo tukimwaga wino wa njano si utazima pia?" Ndio mwanangu, ndio kabisa, jaribu. Tukajaribu na rangi ya njano ya chakula na ikafifia kidogo. Kwa swali lile tu seti ilirudisha hela yangu, kwa sababu mtoto ametoka kwenye kukariri kwamba "kuzimika ni chuma" amefika kwenye kuuliza ni nini kingine kinaweza kuzima.

Ukimaliza hapo ongeza jaribio la vitamini C, halipo kwenye maelekezo ila linafanyika. Askobiki asidi, ndo hiyo vitamini C yenyewe, inabadilisha chuma tatu kuwa chuma mbili (Fe2+), na chuma mbili kinazima kwa kiasi kidogo sana na wala hakina ule unjano, kwa hiyo ukiongeza kwenye chupa iliyozimika mng'ao unarudi, sio wote ila wa kutosha kuonekana. Watafiti wanatumia mbinu hiyo hiyo kupima askobiki asidi. Nunua vidonge vya vitamini C vyeupe duka la dawa, usinunue vile vya kutafuna vya rangi ya chungwa maana rangi yake inaharibu kila kitu, na sasa mnajua kwa nini. Saga, yeyusha, acha uji utulie, chukua maji ya juu.

Baada ya hayo ndo mtaelewa kwa nini nakasirika nikiona tangazo linasema seti hii "inapima zebaki kwenye maji ya ziwa". Jamani tuko Mwanza, ng'ambo pale ni Geita, wachimbaji wadogo wanakamatishia dhahabu kwa zebaki, hofu ya zebaki kwetu sio hadithi, watu wanakula samaki kila siku. Siku moja nilikuwa nimepita Mwaloni Kirumba na hilo boksi mkononi, mama mmoja ninayenunua kwake sato akaniuliza nina nini, nikamweleza kwa kifupi na kumuonyesha, akasema, "Mwalimu, si uwe unanimulikia samaki wangu basi nijue wenye sumu niwatoe." Nikamwambia, "Hapana mama, hii haiwezi, usije ukauziwa hii kwa ajili hiyo." Na nikamweleza kwa nini, kwamba zebaki ya kwenye samaki iko ndani ya nyama, imefungamana na protini, kwa kawaida nyama inabidi ishughulikiwe maabara kwa vifaa maalumu ndo ipimwe.

Kwa maji nako ni vile vile. Ni kweli kabisa kwamba kuna kaboni doti zilizotengenezwa kupima zebaki, machapisho yapo mengi, na zebaki inazima mng'ao wa nyingi kati ya hizo. Ila pale maabara wana kipima mng'ao kinachosoma tofauti ndogo ambayo jicho halioni, na wanajaribu ioni moja moja kuona ipi inaingilia. Kiwango cha mwongozo cha WHO kwa zebaki kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 6 kwa lita. Mikrogramu! Mimi kwa jicho langu na tochi hii, chuma chenyewe nikikionea tofauti ya uhakika maji yanakuwa yameshaanza kuonekana ya njano. Sasa mtu achote maji ya ziwa, adondoshee chupa ya bluu, aone haijazimika, aseme maji salama? Hapana. Na ikizimika pia hajui ni zebaki, ni chuma, ni shaba, au ni maji tu yana rangi. Mwenye wasiwasi na kisima chake apeleke sampuli kwenye maabara ya maji, basi.

Halafu kuna hili la maji ya ziwa lenyewe ambalo tumelichunguza na wanafunzi. Ukichota maji ufukweni ukayachuja na kuyamulika kwa 365 gizani, yanang'aa bluu kidogo yenyewe, kwa sababu ya mabaki ya mimea yaliyoyeyuka. Ukichota pale kinamama wanapofulia yanang'aa zaidi, kwa sababu sabuni ya unga ina vile viongeza weupe vinavyomeza UV na kutoa bluu, ndo vinavyofanya shati jeupe lionekane jeupe kweli. Na maji yenye mwani mwingi, yale ya kijani ya ghuba yetu, mwani wenyewe una klorofili inayong'aa nyekundu. Niliweka chupa tatu mezani bila kuandika majina, kaboni doti za bluu zilizozimuliwa, maji ya sabuni ya unga, na soda ya toniki ambayo ina kwinini, zote bluu, nikawaambia wanafunzi waniambie ipi ni kaboni doti. Hakuna aliyeweza kwa kuangalia, na mimi nisingeweza. Kung'aa bluu chini ya UV sio ushahidi wa kaboni doti. Vitu vinavyong'aa bluu viko kila mahali, karatasi ya daftari inang'aa, shati la uniform linang'aa.

Na hili sio tatizo la darasani tu, hata kwenye utafiti limeleta matatizo. Mwaka 2013 kundi la Jilin, China, lilichemsha sitriki asidi na ethilini daiamini kwenye chombo kilichofungwa wakapata mng'ao wa asilimia karibu 80, maana yake kila fotoni (chembe za mwanga) 100 zinazomezwa karibu 80 zinatoka tena kama mwanga. Watu wote wakaiga. Baadae ikaja kuonekana sehemu kubwa ya ule mng'ao inatoka kwenye molekuli ndogo inayojitengeneza humo humo kwenye mchanganyiko. Ndo maana sasa hivi ukitengeneza kaboni doti unatakiwa kuzisafisha kwa dayalisisi, ule utando unaoacha molekuli ndogo zipite na kubakiza chembe, tena kwa muda mrefu na kubadilisha maji, halafu ndo upime. Seti hii haisemi popote kama maji yake yamesafishwa. Nilimuuliza muuzaji akanijibu "ni original dada". Sasa hilo sio jibu la swali langu.

Chupa ya kijani ni nzuri na ina kitu cha ziada. Kaboni doti nyingi zinabadilisha rangi ya mng'ao ukibadilisha mwanga unaozimulika, na hii yangu ukiimulika kwa 365 halafu kwa 395 inasogea kidogo kuelekea njano. Sio sana, ila ukizimulika mbili pembeni kwa pembeni kila mtu anaona. Chupa nyekundu ndo imenisikitisha. Iko kwenye spiriti na sio kwenye maji, unaifungua harufu inakupiga, na ukiizimua kwa maji mng'ao unakufa karibu wote. Hiyo ni tabia inayojulikana ya kaboni doti nyekundu nyingi, maji yanazizima, na kutengeneza nyekundu inayong'aa vizuri ndani ya maji ni kazi ngumu ambayo watafiti wanaihangaikia kwa sababu nyekundu ndo inapenya vizuri kwenye mwili wa mtu, bluu inaishia juu juu. Muuzaji angeandika tu "usiongeze maji" angewaokoa watu hela, maana hiyo ndo chupa ndogo kuliko zote.

Wengine wameniuliza kama kuna kaboni nyingine zinazong'aa ambazo hazimo kwenye seti. Zipo. Zile nanotyubu zinang'aa lakini kwenye infraredi, watu wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston walionyesha hilo 2002, jicho haliwezi kuona kwa hiyo hazifai kwa darasa. Na kuna almasi za nano, chembe ndogo sana za almasi ambazo ndani yake atomi ya naitrojeni imekaa jirani na nafasi iliyo wazi, zinang'aa nyekundu na hazichoki hata uzimulike vipi, na mng'ao wake unabadilika ukisogeza uga wa sumaku. Tuko karibu na mgodi wa almasi wa Mwadui hapa, wanafunzi waliuliza kama zinatoka kule, hapana, zinatengenezwa viwandani.

Matumizi mengine mliyoyaona kwenye tangazo nimeyajaribu mawili. Wino wa siri unafanya kazi, ila usiandike kwenye karatasi nyeupe ya kawaida maana inang'aa yenyewe na maandishi yanapotea, tumia karatasi ya kuchujia ya maabara, hapo inatoka safi kabisa. La pili ni unga wa alama za vidole. Hapa kuna somo. Ukidondosha kaboni doti kwenye kioo ukaacha ikauke, mng'ao unakufa, unabaki na doa la kahawia tu, kwa sababu chembe zikigusana zinazimana. Dawa yake ni kuzitenganisha kwa kuzichanganya na wanga, zinakaa juu ya chembe za wanga mbali mbali na zinaendelea kung'aa zikiwa kavu. Nilitumia wanga wa mahindi, ukakauka kivulini, ukasagwa, ukapakwa kwa brashi laini juu ya kioo kilichoshikwa, mistari ya kidole ikaonekana. Nilianza na unga wa muhogo kwa sababu ndo uko jikoni kila nyumba, lakini muhogo uliokaa baada ya kuvunwa unatengeneza skopoletini ambayo inang'aa bluu yenyewe, kwa hiyo huwezi kujua unachokiona ni nini. Tumieni wa mahindi.

Hilo la kuzimana zikikauka linaeleza pia kwa nini bado hatuna taa za kaboni doti madukani. Taa nyeupe za LED, zikiwemo zile za sola wavuvi wa dagaa wanazoelea nazo usiku pale ziwani, ndani ni chipu ya bluu iliyofunikwa na unga wa njano wenye seriamu, moja ya madini adimu. Kaboni doti zingeweza kuchukua nafasi ya ule unga kwa bei nafuu bila madini adimu, majaribio yapo, shida ni kuzifanya ziendelee kung'aa zikiwa ngumu na zikipigwa na joto la chipu kwa miaka. Wavuvi wangu wa Igombe wakisikia hili wananiuliza lini, siwezi kuwapa tarehe.

Kuhusu sumu. Tangazo linasema "haina sumu kabisa, asilia". Kulinganisha na kwantamu doti za kadmiamu ni kweli kaboni doti zina unafuu mkubwa, ndo sababu watu wanazijaribu kupigia picha seli na kubebea dawa. Na ni kweli zimekutwa kwenye vyakula vingi vilivyopita motoni, samaki wa kuchoma, nyama ya kuchoma, kahawa, hata bia, kwa hiyo anayekula sato choma pale ufukweni ameshakula nyingi tu. Lakini maji ya kwenye chupa hizi yametengenezwa na kemikali ambazo hatuzijui na usafishaji hatuujui, kwa hiyo mtoto asionje, avae glavu, feriki kloraidi inachafua nguo haitoki, na mabaki ya chupa nyekundu yasikae karibu na moto.

Bei pamoja na usafiri ilinifikia karibu laki moja na nusu. Kwa shule ambayo maabara yake haina hata bunsen bana za kutosha hiyo ni hela, najua. Ukitaka bluu peke yake unaweza kutengeneza kwa sitriki asidi na yurea kwenye maikrowevu ya zamani ambayo haitapikiwa tena chakula, nje penye hewa maana inatoa moshi wa amonia unaokera, na mwalimu afanye mwenyewe sio wanafunzi. Mwaka 2012 watafiti wa India walitumia juisi ya machungwa tu kwa nyuzi 120 kwenye chombo kilichofungwa, na wengine huko huko India wametumia majani ya magugu maji kupata kaboni doti za kupimia kiuagugu cha mashamba ya mpunga. Magugu maji! Yale yale yanayoziba ghuba yetu na kukwamisha mitumbwi tangu tukiwa wadogo. Mi nina hamu kubwa chuo kimoja hapa Mwanza kiwape vijana mradi huo na vifaa vya kusafishia na kupimia, malighafi ipo pale maji yanapogota, hakuna anayeiuza.

Kwa hiyo kama ni mwalimu na una namna ya kupata tochi ya 365, nunua, nyota nne kwa darasa. Kama unataka kupima maji ya kisima, ya bwawa la samaki au ya ziwa, usitoe hata mia. Chupa ya bluu ndo inayoisha mapema kwa sababu ndo yenye majaribio mengi, nilimpigia muuzaji nikamuomba aniuzie hiyo peke yake, mwanzo alikataa, baadae akakubali na akaituma kwa basi, kwa hiyo ombeni hivyo hivyo kabla ya kuagiza boksi zima mara ya pili.